Baada ya Salongo, Tutembee

Watu wa Kabongo: ninyi wa karibu na reli, wa sokoni, wa misheni, na ninyi wa vijijini mnaotufikia siku za soko mkiwa na vumbi hadi magotini.

Kuna mtu mmoja ambaye wito huu haumhusu sana, nami naanza naye ili nimwache aendelee na safari yake. Ni yule anayesukuma kinga. Mmemwona. Magunia ya mahindi yamefungwa kwa mipira juu na ubavuni mwa baiskeli, fito imefungwa kwenye usukani ili aiongoze akiwa pembeni, naye ametoka kwao jogoo la kwanza. Kwenye mchanga anasukuma kwa kifua. Kwenye mteremko anaivuta nyuma isimkimbie. Akifika anakunywa maji, anauza, anageuza. Huyo ukimwambia habari ya mazoezi atakucheka, na atakuwa na haki.

Wito huu ni kwa yule anayenunua hayo magunia. Ni kwa mwalimu, mwenye duka, karani, mchungaji, mstaafu wa reli, mama anayekaa nyuma ya meza sokoni toka asubuhi hadi jioni, na kijana wa pikipiki ambaye hata chooni angependa aende na pikipiki yake. Ni kwangu pia. Sisi ndio tulioweka jembe chini lakini bukari hatukuipunguza.

Naandika juu ya ugonjwa wa sukari. Bukari ikishafika tumboni inageuka sukari na kuingia katika damu. Damu inaipeleka kwenye misuli, na mlangoni inahitaji mfungua mlango, insulini, ambayo inatoka kwenye kongosho, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo. Kuna watu, wengi wao watoto na vijana, ambao kongosho lao linaacha kabisa kutoa insulini. Hao bila sindano hawaishi. Na kuna wengine, ndio wengi zaidi, ambao insulini ipo lakini milango imekuwa mizito: inagongwa, haifunguki. Sukari inabaki njiani, mwaka baada ya mwaka, inakwaruza mishipa ya macho, ya figo, ya miguu. Haiumi. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Malaria inakuangusha siku hiyo hiyo na unakwenda sante. Sukari inaweza kukaa nawe miaka mingi kama mpangaji asiyepiga kelele.

Mwaka 1989 mtafiti McLarty na wenzake walitangaza walichokuta katika vijiji sita vya Tanzania. Katika watu wazima mia moja, wenye kisukari hawakufika hata mmoja kamili. Mwaka 2012 nchi hiyo hiyo ilipima tena, mijini na vijijini, ikakuta tisa katika kila mia. Vipimo havikufanyika sawasawa, lakini pengo hilo halifutiki kwa kubadilisha mashine. Watafiti wengine waliwafuata watu 209 waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Kabla ya kuhama, karibu wanaume wanane katika kumi walikuwa na kazi za kutoa jasho. Baada ya mwaka mmoja mjini hawakufika watatu. Uzito uliongezeka kwa zaidi ya kilo mbili, wanaume kwa wanawake. Mwaka mmoja tu, ndugu zangu! Na sisi je? Tangu Katanga ya zamani igawanywe mwaka 2015 na Kamina kuwa makao makuu ya Haut-Lomami, ni watoto wetu wangapi wamepanda treni kwenda huko kutafuta kazi ya kiti?

Mtu atasema: huu ni ugonjwa wa wanene wa mjini, mimi ni mwembamba. La, usijidanganye. Huku kwetu wapo wembamba wenye sukari, na wapo waliokulia njaa ambao mwili wao haukupata nafasi ya kujenga kongosho lenye nguvu. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuipa aina hiyo jina lake mwaka 1985, likaifuta mwaka 1999, na Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, likikutana Bangkok, likaikubali tena na kuiita aina ya tano. Hata muhogo wetu ulipelekwa mahakamani: baadhi ya wataalamu walidhani sumu yake ndiyo inayoharibu kongosho. Ushahidi haukutosha. Mwaka 1987 jarida la Lancet lilichapisha habari za watu wa vijijini Afrika ya Magharibi waliokula mihogo kwa wingi, na kisukari hakikuonekana. Kwa hiyo muhogo umeachiliwa, ila uloweke vizuri siku zake zote, maana ule mchungu usiolowekwa umewalemaza watu miguu huko Kwango, na hilo halina ubishi.

Basi tuanze na kupima. Shirikisho lile la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba katika kanda yake ya Afrika watu wazima milioni 24 wana kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajui. Dalili si siri: kiu isiyoisha, kuamka kukojoa usiku mara tatu nne, kukonda huku unakula, macho kuingia ukungu, ganzi miguuni, kidonda kinachogoma kufunga. Wazee waliugundua bila mashine: pale mgonjwa alipokojoa, sisimizi walikusanyika.

Mashine yenyewe ni ndogo kama simu ya vitufe. Mwuguzi anachoma ncha ya kidole, tone la damu linanyonywa na kijikaratasi, na kabla hujamaliza kusema «inauma» namba imetokea. Asubuhi kabla ya kula, ikiwa miligramu 126 kwa desilita au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, ni kisukari. Saa yoyote, ikiwa 200 au zaidi na dalili zipo, ni hicho hicho. Ila nawa mikono kwa sabuni kwanza, na si kwa ajili ya uchafu tu. Ukiwa umetoka kumenya embe, utamu uliobaki kidoleni unaingia katika lile tone, na mashine itakupa namba ya embe badala ya namba yako. Mtu anaweza kurudi nyumbani analia kwa ajili ya tunda.

Sasa kutembea. Msuli unapofanya kazi unafungua milango yake wenyewe na kuchota sukari hata kama insulini imelegea, na milango hiyo inakaa imelegezwa kwa saa nyingi baadaye. Ndiyo maana kutembea ni dawa, na dawa yenyewe haishi dukani. Marekani walilijaribu jambo hili kwa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa, sukari yao imepanda lakini haijafika. Kundi moja lilipewa vidonge vya metformini. Jingine liliombwa lipunguze uzito kidogo na litembee dakika 150 kwa wiki. Matokeo yalitoka mwaka 2002: vidonge vilipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 31, miguu na sahani kwa asilimia 58. Wazee, nisikilizeni hapa: kwa waliopita miaka 60 ilikuwa asilimia 71. Anayesema «mimi nimezeeka, mazoezi ni ya vijana» amegeuza habari kichwa chini.

Dakika 150 si mlima. Ni nusu saa kwa siku tano. Na kama nusu saa ni nyingi, ikate vipande. New Zealand waliwaomba watu 41 wenye kisukari watembee dakika kumi tu baada ya kila mlo, na sukari yao baada ya kula ikashuka zaidi kuliko walipotembea nusu saa wakati wowote wa siku. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi jioni, baada ya mlo mkubwa na kukaa. Hiyo jioni tunaijua. Bukari imeliwa, giza limeingia, viti vimetolewa uani, maongezi yameanza, na hakuna atakayesimama mpaka usingizi. Ombi langu ni dogo: maongezi yawe yale yale, ila myapeleke barabarani. Mpaka kwa jirani wa saba na kurudi. Tembea mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Na Jumamosi tunayo salongo. Najua wengi wanaikumbuka salongo kwa uchungu, enzi za Mobutu, ilipokuwa lazima na askari amesimama pembeni. Mimi naiomba ile nyingine, ya majirani wenyewe. Kufyeka majani, kuzibua mfereji, kufagia kuzunguka pampu ya maji: saa moja ya kazi hiyo inatoa jasho la kweli. Naona siku hizi salongo tumewaachia wamama na watoto wa shule, wanaume tukisimama na mikono mfukoni kutoa ushauri. Ushauri haushushi sukari. Tushike jembe, kisha tukimaliza, kabla ya kutawanyika, mtaa mzima utembee pamoja nusu saa, njia ya upande wa Ziwa Boya au njia yoyote yenye kivuli ambayo mtaa utaichagua.

Kuhusu chakula sitawaambia muache bukari. Anayemwambia Muluba aache bukari anapoteza mate yake bure. Nasema tu: ichukue kwa ukubwa wa ngumi yako, si ngumi ya msukuma kinga. Nusu ya sahani iwe mboga, nasi kwa mboga hatuna njaa: sombe, lengalenga, matembele, ngaingai. Sehemu iliyobaki iwe maharagi, au samaki wa Kisale na Upemba wanaotufikia wakiwa wakavu. Mawese ndani ya sombe yapimwe kwa kijiko, si kwa chupa iliyoinamishwa. Na kwa kuwa wengi wetu tunakula sinia moja, ambapo ngumi za watu hazihesabiki, mgonjwa aanze na mboga na samaki, bukari aifikie mwisho. Hata mpangilio huo tu unapunguza kasi ya sukari kupanda.

Adui mkubwa yumo katika chupa. Kinywaji kitamu cha sentilita 33 kinabeba karibu gramu 35 za sukari, vijiko vya chai saba au nane. Hakuna mama atakayemwekea mgeni vijiko nane katika kikombe kimoja cha chai, angeona haya. Lakini arusini na kwenye kilio tunampa chupa mbili na kuita heshima. Tuweke desturi mpya: mgeni aulizwe. Maji baridi ya kuchemshwa yawe mezani pamoja na chupa, na atakayechagua maji asionekane maskini au mchawi wa sherehe. Munkoyo tuunywe bila kuuongeza sukari. Embe tulile, tusilikamue. Lutuku siiongelei, wanaoinywa wanajua, na wake zao wanajua zaidi.

Kwa ninyi ambao tayari mna ugonjwa, nina neno la miguu. Sukari inaua hisia kwanza kwenye vidole. Mtu anakanyaga mwiba asubuhi shambani na hajui mpaka jioni, anapoona damu kwenye mkeka. Anakaa karibu na moto usiku, nyayo zinaungua, haondoi. Kidonda kidogo kinaingia uozo, na mwisho wa safari hiyo ni msumeno wa hospitali. Kila usiku nawa miguu, ikaushe katikati ya vidole, igeuze ukaiangalie. Kama macho hayaoni, mpe mjukuu kazi hiyo, anayo macho mazuri na anapenda kutumwa. Usiende shambani peku, na malapa yaliyokatika usiyafunge kwa waya.

Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asianze kutembea sana kabla hajaongea na mwuguzi, kwa sababu dawa na mazoezi pamoja vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Dalili zake ni jasho baridi, kutetemeka, ulimi mzito, maneno yasiyo na mpango. Njiani watu watasema huyo amekunywa lutuku, watamwacha hapo. Msimwache. Kama anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya sukari katika maji, ngojeni dakika kumi na tano, arudie kama hajapata nafuu, kisha ale kitu. Akiwa amezimia, msimmiminie chochote mdomoni. Abebwe sante haraka.

Wachungaji na mapadri, ninyi mnasikilizwa kuliko mimi. Ombeeni wagonjwa, ndiyo kazi yenu, lakini msimwambie mtu atupe dawa ili kuonyesha imani. Na anayetaka kufunga aonane kwanza na mwuguzi wake. Wazee wa ukoo, kuna neno linaniuma zaidi. Mtoto akikonda ghafla, akikojoa kitandani tena baada ya kuacha, akinywa maji kama mtu aliyetoka jangwani, baadhi yetu tunaanza kumtafuta mlozi, na kidole kinamwangukia bibi. Wakati tunamtafuta mlozi, mtoto anakufa kwa kukosa insulini. Dawa hiyo iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa wa kwanza kudungwa. Kabla ya hapo watoto kama yeye walikuwa wakingoja kifo tu. Frederick Banting, mmoja wa waliogundua, alizaliwa tarehe 14 Novemba, ndiyo maana dunia imeichagua tarehe hiyo kuwa siku ya kisukari. Walimu, mkiwa na mtoto wa namna hiyo darasani, mruhusuni atoke kukojoa na ale kitu kidogo saa yake ikifika, bila kumsimamisha mbele ya wenzake.

Mama mwenye mtoto huyo ataniuliza: insulini inataka friji, friji iko wapi? Swali lake ni zuri. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka walikutana na swali hilo hilo. Wao na Chuo Kikuu cha Geneva waliipima insulini katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, joto la nyumba za huko, na mwaka 2021 wakaeleza kwamba kwa wiki nne haikupoteza nguvu yake. Kwa hiyo chupa moja inayotumika inaweza kukaa nyumbani. Iweke kivulini, ndani ya chungu kilichowekwa katika chungu kikubwa zaidi chenye mchanga mbichi katikati, mbali na bati na mbali na jiko. Zile ambazo hazijafunguliwa ziachwe kwenye friji ya hospitali, na utaratibu wake ujulikane: nani ana ufunguo, na Jumapili nani yupo.

Hapo naingia kwa wakubwa wetu, kwa heshima. Tunaomba vijikaratasi vya kupimia visikosekane sante, maana mashine bila vijikaratasi ni pambo. Tunaomba siku moja katika mwezi iwe ya wagonjwa wa sukari na presha, wasipange mstari mmoja na watoto wenye homa. Tunaomba redio zetu ziseme habari hizi kwa Kiluba, saa ambayo wanaotoka shambani wamefika nyumbani. Na wafanyabiashara wanaopeleka mahindi kwa treni, gari linaporudi tupu, je, boksi moja la vijikaratasi kutoka Lubumbashi linaweza kukosa nafasi?

Tupange basi. Jumamosi hii, kila mtaa kwa salongo yake, jua likiwa bado chini. Majembe yakishasuguliwa tunaondoka pamoja, wazee mbele ili mwendo uwe wao, na asiyeweza nusu saa ageukie kwenye mti wa kwanza, Jumamosi ijayo wa pili. Nyuma kabisa atembee mtu mwenye galoni ndogo ya maji na sukari kidogo iliyofungwa kwenye karatasi, kwa ajili ya yule anayetumia sindano. Vijana wa pikipiki, ziacheni nyumbani siku hiyo. Mimi mtanikuta katikati. Mbele bado sina pumzi.